Kinachovunja Bolti

Desemba 2012, katika Ghuba ya Meksiko, meli ya kuchoronga visima iitwayo Discoverer India ilikuwa kazini kwenye maji marefu. Mtambo wake wa kuziba kisima, ule unaokaa juu ya mdomo wa kisima sakafuni mwa bahari, ukaachana: sehemu ya juu ikatoka, ya chini ikabaki. Mapipa yapatayo 432 ya tope la kuchorongea yakamwagika baharini. Uchunguzi uliofuata ulikuta bolti 36 za kiungio kimoja zimekatika. General Electric, kampuni iliyotengeneza kiungio hicho, ikalazimika kuondoa na kubadilisha bolti zaidi ya 10,000 kwenye mitambo ya namna hiyo sehemu mbalimbali za dunia.

Habari hiyo haikuvuma huku kwetu, na ilistahili kuvuma. Discoverer Americas, meli ndugu ya Discoverer India, zote mbili za kampuni ya Transocean, ndiyo iliyokuja kuichorongea kampuni ya Statoil katika Kitalu namba 2 cha Tanzania kuanzia 2013. Visima vya kitalu hicho viko kwenye maji marefu sana. Zafarani-1, kisima cha kwanza kupata gesi mule mwaka 2012, kilichimbwa mahali ambapo kutoka uso wa maji hadi sakafu ni mita 2,582. Kati ya futi za ujazo trilioni 57 na ushee za gesi ambazo nchi inajivunia, zaidi ya trilioni 47 ziko huko kwenye kina. Siku zikianza kuvunwa, zitapita kwenye viungio vilivyofungwa kwa bolti.

Nataka kueleza bolti inavyobeba mkazo na inavyoshindwa, na nitaanzia Tumbi, Kibaha. Sina haja ya kwenda mbali. Kando ya Barabara ya Morogoro, pale Kibaha, malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita mchana na usiku, na kila moja limeshikwa na bolti zenye kazi ile ile ya zile za baharini. Magari ya kijeshi na ya kazi yamekuwa yakibuniwa Nyumbu, hapo hapo Kibaha, tangu miaka ya themanini. Na Hospitali ya Tumbi imepokea majeruhi wa barabara hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba jina lake limekwisha kuzoeleka kila ajali inapotajwa. Gurudumu linalochomoka kwenye lori si jambo la mzaha hapa.

Tuanze na dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba studi za gurudumu zinabeba lori kama misumari inavyobeba koti ukutani. Hazibebi hivyo. Kazi ya studi ni kubana. Unapozungusha nati, studi inavutwa na kurefuka kidogo, na rimu pamoja na habu vinagandamizwa pamoja. Studi iliyovutwa inataka kurudi kwenye urefu wake, na nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayobana. Mzigo wa lori unashikwa na msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu. Studi ikibana vizuri, kwenye mwendo haihisi mengi.

Hebu tuweke namba. Gurudumu la nyuma la lori kubwa mara nyingi lina studi 10 za unene wa milimita 22, zinazokazwa kwa kipimo cha nyutoni-mita 600 hivi. Nyuzi zikiwa kavu na safi, ukazaji huo unaiweka studi moja kwenye mvuto wa karibu tani 14. Zote 10 zinabana kwa tani 140 au pungufu kidogo. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10 kwenye mizani ya Vigwaza, kwa hiyo kila upande unabeba tani 5. Hata kama msuguano ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya kubana, tuseme asilimia 15, bado unapata zaidi ya tani 20 za kuzuia rimu isiteleze. Ndiyo maana gurudumu lililokazwa sawasawa linavumilia mashimo, breki za ghafla na kona za mlimani.

Sasa angalia mkazo ndani ya chuma chenyewe. Mkazo ni nguvu kugawanywa kwa eneo linalobeba, na hupimwa kwa megapaskali. Megapaskali 100 ni kama kilo 10 juu ya kila milimita moja ya mraba. Ile studi yetu yenye tani 14 ina mkazo wa megapaskali 400 hivi kabla lori halijasogea hata hatua moja. Hili ndilo jambo ninaloliona la msingi kuliko yote katika somo hili: mkazo mkubwa kabisa katika bolti hautoki kwenye mzigo, hauletwi na bahari wala barabara. Unawekwa na mkono wa fundi. Na ukishawekwa, hakuna jicho linaloweza kuuona. Nati yenye tani 14 na nati yenye tani 5 zinafanana kabisa.

Kipimo cha spana nacho hakisemi ukweli wote. Katika nguvu yote unayotumia kuzungusha nati, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya nati, na karibu asilimia 40 inaliwa na msuguano kwenye nyuzi. Inayobaki kuivuta studi ni asilimia 10 hivi. Kwa hiyo badiliko dogo la msuguano ni badiliko kubwa la mvuto. Paka nyuzi grisi, kaza kwa nyutoni-mita zile zile 600, na mvuto unaruka kutoka tani 14 hadi tani 23. Mkazo unapanda kutoka megapaskali 400 hadi karibu 680. Ziache nyuzi ziwe na kutu na mchanga, mvuto unashuka hadi tani 9. Spana imesoma namba moja mara zote tatu.

Na pale barabarani mara nyingi spana haisomi chochote. Kuna spana ya tairi, na kuna kipande cha bomba cha kuirefusha. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja na nusu anatoa nyutoni-mita zaidi ya 1,000. Nyuzi zikiwa kavu, studi ya daraja la 10.9 inavumilia. Nyuzi zikiwa na mafuta, mkazo unavuka megapaskali 1,100, wakati chuma hicho kinaanza kurefuka bila kurudi kwenye 940 hivi. Studi inanyooka moja kwa moja, shingo yake inakonda, na inaondoka pale ikionekana imekazwa barabara. Simlaumu fundi kwa bomba lake. Anafanya kazi na vifaa alivyo navyo, na nati iliyolegea ameiona ikiua. Ila namba zinaonyesha kwamba bomba hilo linaweza kuzalisha ajali ile ile ambayo anajitahidi kuizuia.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo halipewi uzito wake, nalo ni rangi. Madereva wetu wanapenda rimu zao zing'ae, na rimu zikipakwa upya hupakwa zote, hadi sehemu inayokutana na habu na pale nati inapokaa. Studi yenye sentimita 6 za kubanwa, kwa mkazo wa megapaskali 400, imerefuka milimita 0.12 tu. Basi! Akiba yote ya tani 14 iko ndani ya hiyo sehemu ya kumi ya milimita. Tabaka la rangi likisagika na kupungua milimita 0.05, zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya kubana imepotea, na hakuna nati iliyozunguka hata kidogo. Hii ndiyo sababu watengenezaji wa magari wanataka nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gurudumu lililofungwa Dar es Salaam asubuhi lingepaswa kukaguliwa Mlandizi, au kwa kuchelewa sana Chalinze.

Bolti ikipoteza mkazo wake wa awali, ndipo mzigo unapoanza kuifikia. Kiungio kinapobana, nguvu ya nje inayojaribu kukifungua hugawanyika: sehemu ndogo, mara nyingi moja ya tano au pungufu, inaongeza mvuto wa bolti, na iliyobaki inapunguza tu mgandamizo kati ya vipande. Tuseme tani 3 zinakuja na kuondoka kila gurudumu linapozunguka. Studi iliyokazwa inahisi kupanda na kushuka kwa megapaskali kama 18. Studi iliyolegea inazipokea tani 3 zote, yaani megapaskali 90 kwenda na kurudi, mamia ya mara kwa kila kilomita. Chuma kinachoweza kuvutwa hadi megapaskali 1,000 mara moja kinaweza kuchoka na kukatika kwa mzunguko wa mkazo usiozidi sana 90, kwa sababu nyuzi ni mikato mikali na kila mkato unakusanya mkazo. Tena nyuzi hazigawani mzigo sawa: uzi wa kwanza ndani ya nati hubeba karibu theluthi moja ya mvuto wote. Hapo ndipo studi nyingi hukatikia.

Ukipata studi iliyokatika, usiitupe. Ifute mafuta, ishike kwenye mwanga wa jua kwa kuinamisha kidogo, na utazame uso wa mkato. Kama imekufa kwa uchovu, utaona sehemu laini yenye mistari ya duara mmoja baada ya mwingine, kama ile ambayo maji ya kupwa huiacha mchangani. Mistari hiyo inaanzia pembeni, kwenye mzizi wa uzi, na inaonyesha ufa ulivyotambaa siku baada ya siku. Upande wa pili ni kipande chenye mikwaruzo na chembechembe, kile kilichokatika mwishoni kwa mara moja. Kipande hiki cha mwisho kikiwa kidogo sana kulinganisha na uso mzima, ujue studi haikuzidiwa na mzigo. Ilikuwa imelegea kwa muda mrefu na hakuna aliyejua.

Baharini kanuni hazibadiliki, ila ukubwa unabadilika, na hakuna wa kusimama Mlandizi akakaza upya. Mtambo wa kuziba kisima, ambao wachorongaji wanauita kwa herufi zake tatu tu, BOP, ni rundo la vali nzito lenye tundu la inchi 18 na robo tatu katikati. Mitambo mingi ya maji marefu imetengenezwa kuhimili shinikizo la ndani la pauni 15,000 kwa inchi ya mraba. Shinikizo hilo likijaa kwenye tundu hilo, linasukuma vipande viachane kwa nguvu ya karibu tani 1,880. Zigawanye kwa bolti 20 zenye unene wa inchi 3, kila moja inadaiwa tani 94. Kwa hiyo zinakazwa mapema hadi tani 150 au zaidi kila moja, ambayo ni nusu tu ya uwezo wa chuma chake kabla hakijaanza kurefuka. Nusu hiyo ya akiba wasomaji wengine wanaweza kuiona ni ubadhirifu. Mimi naiona ni busara, maana kuna mambo ambayo hesabu ya shinikizo peke yake haiyasemi.

Moja ni mkondo. Kutoka kwenye BOP hadi melini kuna bomba refu, zaidi ya kilomita mbili na nusu kwa kisima kama Zafarani. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unapata nguvu zaidi. Bomba linasukumwa upande mmoja, meli inasogea na kurekebishwa na injini zake, mawimbi yanainua na kushusha. Yote hayo yanafika chini kama nguvu ya kupinda. Kiungio kinapopindwa, bolti za upande mmoja zinavutwa zaidi na za upande wa pili zinapunguziwa mvuto, kisha zinabadilishana zamu. Ni gurudumu la lori tena, ila linazunguka polepole na mzigo wake ni mamia ya tani.

Bolti za unene huo hazikazwi kwa kuzungusha nati, kwa sababu ya ule msuguano unaokula asilimia 90. Zinavutwa kwa jeki ya mafuta inayokaa juu ya bolti, ikashika nyuzi zake na kuinyoosha hadi tani zinazotakiwa. Nati inateremshwa kwa mkono mpaka ikae, kisha jeki inaachia. Baada ya hapo urefu wa bolti unapimwa kwa mawimbi ya sauti yanayopigwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Huko hawaulizi spana imesema nini. Wanauliza bolti imerefuka kiasi gani, na hilo ndilo swali la kweli.

Pamoja na umakini wote huo, bolti 36 zilikatika. Hazikukatika kwa kuzidiwa mzigo, wala kwa ule uchovu wa mistari ya duara. Zilikatika kwa haidrojeni.

Hapa pana maelezo yanayohitaji subira. Bolti inayopakwa zinki kwa umeme huoshwa kwanza kwa asidi ili kutu itoke. Asidi ikikutana na chuma inazalisha haidrojeni, na umeme wa kupakia zinki unazalisha nyingine. Chembe za haidrojeni ni ndogo mno, zinapenya ndani ya chuma na kukaa kati ya punje zake. Tabaka la zinki likishafunika, haziwezi kutoka kwa urahisi. Dawa yake ni kuziweka bolti kwenye tanuri la joto la nyuzi 190 hivi kwa saa kadhaa, mara tu baada ya kupakwa, ili haidrojeni ihame. Katika mkasa wa Discoverer India, waliopaka zinki walifuata toleo la zamani la kiwango cha kazi hiyo, ambalo halikuwalazimisha kuoka bolti za aina ile. Toleo jipya lilikuwa limekwisha kulitaka hilo.

Kisha bahari inaongeza ya kwake. Mitambo ya chini ya maji huzuiwa kutu kwa kufungwa vipande vya alumini vinavyoliwa badala ya chuma, na njia hiyo, pamoja na uzuri wake wote, huzalisha haidrojeni kwenye uso wa chuma kinacholindwa. Chuma laini kinaivumilia. Chuma kigumu kupita kiasi hakiivumilii: haidrojeni inakusanyika mahali penye mkazo mkubwa, yaani kwenye mzizi wa uzi wa kwanza, na punje zinaanza kuachana moja moja. Bolti inaweza kupita majaribio yote, ikakaa wiki au miezi ikiwa imevutwa bila kuongezewa hata kilo moja, kisha ikakatika ghafla. Bolti zile zilikuwa ngumu kuliko zilivyotakiwa kuwa kwa kazi ya chini ya bahari. Viwango vya leo vya bolti za huko havitaki ugumu upite 34 katika kipimo cha Rockwell C.

Namba hiyo inagusa hata maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Kibaha mjini. Juu ya kichwa cha bolti kuna namba: 8.8, 10.9, 12.9. Ya 8.8 inavumilia megapaskali 800 kabla ya kukatika, na inaanza kurefuka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hiyo. Ya 12.9 inafika 1,200, na mnunuzi anaambiwa ndiyo bora kuliko zote. Kwa injini isiyofikiwa na maji na yenye mafuta safi, sawa. Lakini ugumu wa 12.9 unaanzia 39 katika kipimo cha Rockwell C, juu kabisa ya mpaka wa baharini, na ukiipaka zinki kwa umeme na kuipeleka kwenye boti, gati au pampu ya maji ya chumvi, umenunua hatari kwa bei kubwa. Kwa kazi hizo ningechukua 8.8 nene zaidi bila kusita.

Kinachonisumbua zaidi katika mkasa ule ni njia ambayo kosa lilipitia. Kampuni kubwa iliagiza bolti kwa mtu, mtu yule akaagiza kazi ya zinki kwa mwingine, na yule wa mwisho kabisa, mwenye karakana ya kuchovya, ndiye aliyekuwa na toleo la zamani mezani. Karatasi zilipanda juu zikiwa na mihuri yote. Kanuni za Tanzania za ushiriki wa wazawa katika petroli, za mwaka 2017, zinataka bidhaa na huduma zinunuliwe nchini inapowezekana, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini maana yake ni kwamba karakana za Pwani zitakuwa mwisho wa mnyororo kama ule. Mradi wa kuchakata gesi wa Lindi ukianza, atakayeulizwa bolti ziliokwa kwa saa ngapi na kwa joto gani anaweza kuwa kijana aliyesoma VETA Kibaha.

Gharama ya kumwandaa kijana huyo haitishi. Flenji moja (kiungio cha mabomba) ya bolti nane, iliyofungwa mezani na gasketi katikati, inatosha kuanzia. Apewe maikromita apime urefu wa kila bolti kabla ya kukaza. Akaze ya kwanza hadi mwisho, kisha ya pili inayoielekea, halafu arudi kupima ya kwanza: ataikuta imefupika, kwa sababu gasketi imebonyea zaidi na mvuto umekimbia. Alegeze zote, aanze upya kwa theluthi moja ya kipimo, akivuka upande mmoja hadi mwingine, kisha theluthi mbili, kisha kipimo kizima. Mwishowe azunguke flenji nzima kwa kufuata duara, nati moja baada ya nyingine, na aendelee kuzunguka mpaka ipite duru nzima bila nati yoyote kusogea. Hapo ndipo apime tena zote nane na kuandika namba zake kwenye daftari, kwa jina lake na tarehe.